Kompyuta ya Kumwonyesha Wifi

Fundi cherehani hakuwa na haja ya kompyuta. Haja yake ilikuwa wifi yake aione. Hayo ni mambo mawili tofauti, na angeyatenganisha mapema nyumba ile isingechafuka kama ilivyochafuka, lakini mtu aliyechekwa mbele ya wageni hana muda wa kutenganisha kitu.

Kisa chenyewe kilikuwa kidogo. Alikwenda kwa wifi kupeleka gauni alilomshonea bure kwa ajili ya undugu, akamkuta binti yake mwenyewe amesimama kando ya meza ya kompyuta, mikono nyuma, skrini imezimwa. Watoto wa mtaani walimwita binti huyo Meya. Katika ule mchezo wa matofali ambao vijana wa kila mahali wanaujua, mchezo usio na mshindi wala mwisho, kazi yako kuchimba na kujenga tu, yeye na binamu yake, mtoto wa wifi, walikuwa wamejenga mji. Si vibanda, mji kamili, wenye reli, daraja refu, soko la ghorofa na mitaro inayopitisha maji kweli. Mji huo ulikuwa ndani ya kompyuta ya shangazi yake, na Meya alikwenda kuujenga kila alipotoka shule.

Wifi hakumsema mtoto usoni. Alizungumza na wageni wake, tena kwa kicheko: "Huyu akiingia humu, mita ya umeme inakimbia. Kwao hawana cha kuchezea, basi wanatuletea sisi." Wageni wakacheka kidogo, kama watu waliokwisha kunywa chai ya mwenyeji. Fundi akaweka gauni juu ya kiti, akamshika binti yake mkono. Kabla hajafika mlangoni wifi akamwita, naye akageuka akidhani ataombwa radhi. Wifi alitaka kujua kama zipu ni ya chuma au ya plastiki.

"Ya chuma, wifi," akajibu, kwa sauti nzuri kabisa, na hapo hapo moyoni akaapa kwamba mwanamke huyu atakiona cha moto.

Binamu mtu, ambaye hakuwa na kosa lolote, aliwakimbilia hadi getini akamtia Meya flashi mkononi. Alikuwa amenakili mji wote humo. Basi mama na mtoto wakarudi nyumbani, mama akiwaza namna ya kulipiza, mtoto akiwaza kwamba mji wake anao kiganjani na hana mahali pa kuufungulia.

Mumewe fundi, kaka yake wifi, alikuwa fundi rangi, mtu mpole aliyerudi jioni na madoa meupe masikioni. Alipoambiwa kwamba mashine ya mkewe ya kudarizi itauzwa ili inunuliwe kompyuta, alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akasema mashine ile ndiyo inayowasaidia kodi ya nyumba. Mkewe akamjibu kwamba aliyemcheka si dada yake yeye, ni dada wa mtu fulani aliyesimama hapo na taulo. Fundi rangi akajifuta, akatundika taulo. Yeye na dada yake walikuwa hawajawahi kugombana akashinda.

Mashine ikauzwa kwa bei ya kutupa, kwa mwanamke aliyejua kabisa kwamba muuzaji ana haraka.

Duka la kompyuta lilikuwa chumba kirefu chembamba, kasha juu ya kasha, nyaya zikining'inia ukutani, na kijana mmoja aliyeshinda akipuliza vumbi ndani ya mashine za watu kwa kipulizo. Kwa hiyo walimwita Feni. Hakuwa mwenye duka. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mnene wa maneno machache, aliyekaa nyuma ya kaunta akipokea pesa, na Feni alimwita bosi.

Feni aliuliza swali moja tu: kompyuta ni ya kazi gani? Meya akajibu kabla ya mama yake. Akautaja mchezo, akaeleza ukubwa wa mji, reli, na mitaro, na kwamba angependa akisimama darajani aone mpaka stesheni. Feni akaacha kupuliza. Kuanzia hapo waliongea kama mafundi wawili, na mama akasimama pembeni na mkoba wake kama aliyeletwa kubeba mizigo.

Feni alisema watu wengi wanadanganywa na macho. Wanaona picha za miraba miraba wanadhani mchezo mwepesi wa kitoto, kumbe unakula mashine. Kila hatua unayopiga, kompyuta inapanga matofali upya mbele yako na kuyaondoa nyuma yako. Kwa hiyo cha kwanza ni prosesa, ubongo wa mashine, yenye kasi, na si wingi wa viini vyake, bali kasi ya kila kimoja. Cha pili ni ramu, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya kutosha, maana mji mkubwa unataka nafasi ya kukaa. Diski iwe ya kisasa, ile isiyozunguka. Kadi ya picha, hata ndogo iliyotumika, itatosha ukitaka maji yang'ae na vivuli vikae sawa.

Kwa pesa waliyokuwa nayo zilikuwepo mashine mbili. Moja ilikuwa kasha la kijivu lililotoka kwenye ofisi fulani, limechubuka pembeni, na mahali palipobanduliwa stika pamebaki gundi. Ndani yake vyote alivyotaja Feni vilikuwemo. Nyingine ilikuwa mpya, ubavu wa kioo, na feni tatu zenye taa zilizobadilika kutoka bluu kwenda zambarau kwenda nyekundu. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya zamani, ramu haba na diski inayozunguka, na kadi ya picha haikuwemo kabisa.

"Ile ya kijivu," akasema Meya.

Mama yake alikuwa ameshafika mbele ya kioo. Inafaa tumwelewe. Maisha yake yote alikuwa ameshona nguo ambazo nje zinang'ara na ndani nyuzi zinaning'inia, na katika miaka hiyo hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kugeuza gauni kutazama ndani kabla ya kulisifu. Na zaidi ya hayo, alikuwa anamwona wifi yake amesimama mbele ya lile kasha la kijivu, anaikagua ile gundi.

"Tuchukue hii," akasema.

Feni akamwambia taratibu kwamba taa haziendeshi mchezo. Mama akasema amesikia. Feni akarudia, safari hii amemgeukia Meya pia, kwamba hii itafungua mchezo lakini mji ule haitauweza, itakwama, na wao watarudi kulalamika. Mama akamuuliza kama yeye ndiye atakayeishi nayo. Bosi nyuma ya kaunta alikuwa kwenye simu, hakusikia chochote. Ilikuwa ndiyo mashine iliyokaa dukani muda mrefu kuliko zote, na iliondoka siku hiyo ikiwa imefungwa vizuri kwa karatasi ya mapovu.

Meya aliijaribu mara tu walipofika. Mji ulifunguka. Ila kutembea ndani yake kulikuwa adha: picha inaganda, halafu inaruka mbele, halafu inaganda tena, na ndani ya kioo feni zinalia. Akafanya anachofanya kila mwenye mashine dhaifu. Akapunguza maji, akaondoa vivuli, akapunguza umbali wa kuona, akapunguza tena, mpaka mwendo ukawa afadhali. Lakini sasa mji wote ulikuwa umemezwa na ukungu. Akisimama darajani haoni upande wa pili. Alimwambia mama yake. Mama alikuwa anapangusa kioo kwa kitambaa laini, akamjibu kwamba siku wageni wakija afungue kitu chepesi, au asifungue chochote, taa peke yake zinatosha.

Wifi alikaribishwa Jumapili mchana kwa kisingizio cha kupimwa suti. Akaja na mwanawe, na shoga yake mmoja ambaye hakuna aliyemwalika. Mapazia yalikuwa yamefungwa mchana kweupe ili taa zionekane. Na zilionekana. Shoga mtu akasema loo, nzuri, na fundi akasikia raha ikimpanda kutoka nyayoni. Wifi alitazama tu, akauliza bei, akaambiwa. Hapo ndipo mchezo ungeishia, fundi ameshinda, kila mtu akaenda kwake.

Lakini binamu alikuwa ameshakaa kitini. "Fungua mji wetu," akamwambia Meya, kwa furaha tu. Meya akasita, akamtazama mama yake, na kabla hajaambiwa chochote mvulana alikuwa ameshaufungua mwenyewe. Akashangaa ukungu. Akaingia kwenye mipangilio, akaupandisha umbali wa kuona hadi ulipokuwa kwao, ili waone stesheni. Kompyuta ikavuta pumzi. Feni zikalia kama mtu anayesaga mahindi, picha ikaganda na nusu ya daraja, ikabaki hivyo. Wakasubiri. Taa zikaendelea kubadilika, bluu, zambarau, nyekundu, juu ya nyuso za watu watano waliokaa gizani.

"Mmenunua disko, wifi," akasema wifi hatimaye, akisimama kutafuta mkoba. "Kompyuta mtanunua lini?"

Hata shoga alicheka. Suti haikupimwa.

Jumatatu cherehani haikuguswa. Fundi aliibeba ile mashine mwenyewe, ameikumbatia kifuani, Meya nyuma yake na nyaya. Mtu mwingine angejilaumu. Fundi alitafuta wa kumlaumu akampata bila shida, na kadiri alivyotembea ndivyo alivyozidi kuamini. Kijana yule alijua. Alimwona mwanamke asiyejua kitu akamsukumia uozo. Nusu ya njia akasimama kupumzisha mikono, akamwambia binti yake bila kumtazama:

"Utasema hakutuambia lolote. Ukisema hivyo, tunarudi na ile ya kijivu. Na mji wako."

Meya alijua kwamba ni uongo na alijua kwamba ni uongo wa kumwumiza mtu aliyemheshimu. Alijua pia kwamba kasha la kijivu bado lilikuwa rafuni wiki iliyopita, kwa sababu alipita kila siku kulichungulia.

Dukani palikuwa na wateja. Fundi hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyomaliza mambo. Aliweka mashine juu ya kaunta mbele ya bosi, akasema kwa sauti ya mtu aliyeumia kwamba ameuza kitendea kazi chake kuleta pesa hapa, na kijana wake akamwuzia taa. Wateja wakageuka. Mmoja akarudisha rafuni kitu alichokuwa amekishika. Bosi aliliona hilo.

Feni akasema alimwonya mama huyu, tena akarudia. "Binti alikuwepo," akasema. "Muulizeni yeye." Na akamtazama Meya bila wasiwasi wowote, kama mtu anayemwomba mwenzake ampitishie bisibisi.

Meya alikazia macho kibodi zilizotundikwa ukutani.

"Hakutuambia," akasema.

Bosi hakuuliza tena. Alimwambia Feni awape ile ya kijivu, kisha aache funguo kwenye kaunta. Aliyasema yote mawili kwa pumzi moja. Feni akaishusha mashine, akaipuliza vumbi kama alivyozoea, akaifunga karatasi ya mapovu, na alipomkabidhi Meya akamwambia asiiweke karibu sana na ukuta, inahitaji hewa. Mtoto angeweza kustahimili matusi, lakini yale maelekezo yalimfuata njia nzima.

Sasa hebu fikiria. Umeuza ulimi wako kwa ajili ya kitu kimoja, umekipata, na bado hupewi. Fundi aliliweka kasha la kijivu mezani, akalifunika kwa kitambaa alichokishona makusudi, akificha ile gundi, akasema lisiguswe mpaka shangazi aje alione likifanya kazi. Aliogopa mtoto asije akaliharibu kabla ya siku. Meya akaomba ajaribu kidogo tu. Akaambiwa atajaribu wakija. Akaomba tena. Akaulizwa kama anadhani mashine ya kudarizi iliuzwa ili yeye acheze.

Wifi naye akawa haji. Leo ana wageni, kesho anaumwa kichwa. Fundi alituma ujumbe, akampigia simu, akambembeleza kwa habari ya suti mpaka aibu ikamshika mumewe. Na kila Meya alipotoka shule alikuta kitambaa kiko vile vile, mama yake anashona huku amekipa mgongo. Hapo ndipo alipoelewa kwamba yeye hakuwa sababu ya kompyuta ile, wala ya kwanza wala ya pili. Alikuwa kamba ya kumvutia shangazi. Chuki aliyoipata siku hizo ilikuwa ya utulivu, ya kukaa nayo mezani na kula nayo, na haikumhusu shangazi yake hata kidogo.

Hatimaye wifi akaja, na mwanawe. Mapazia safari hii yalikuwa wazi. Fundi rangi alikuwa nyumbani, anaoga. Kitambaa kikaondolewa, Meya akakaa, akachomeka flashi, na mji ukafunguka.

Kwa dakika chache alisahau kila kitu. Akatembea juu ya daraja na daraja likabaki daraja hadi mwisho wake, na ng'ambo stesheni ikasimama, na nyuma yake soko, na nyuma ya soko vilima ambavyo hata kwa shangazi yake havikuwahi kuonekana. Maji ya mitaro yalitembea. Hakuna kilichoganda. Binamu akaguna kwa raha, akanyoosha mkono kuchukua kipanya.

"Usiguse, mwanangu," akasema fundi kwa sauti tamu. "Mita itakimbia."

Mvulana akaurudisha mkono, akauweka nyuma. Fundi akamtazama wifi yake, na ule utamu aliousubiri tangu siku ya zipu ukamjaa kinywani. Kwa haki kabisa, ulikuwa mtamu.

Wifi hakukasirika. Alikaa vizuri kwenye kochi, akasema mashine nzuri, hongera. Kisha akasema jana alikuja kwake kijana mmoja kumwongezea ramu, anazunguka majumbani na begi sasa, hana duka. Walikuwa wakimwita Feni. "Amenihadithia kisa," akasema wifi, na akapandisha sauti kidogo, kwa maana mlango wa bafu ulikuwa umefunguka. "Cha mama mmoja na binti yake."

Akakieleza chote, bila kutia chumvi, kwa sababu hakikuhitaji. Fundi akakatiza kwamba ni uongo, kijana mwizi, na mwizi atasema nini? Fundi rangi alikuwa amesimama mlangoni, taulo shingoni. Hakumtazama dada yake wala mkewe. Akavuta kigoda, akakaa karibu na Meya, magoti yao yakikaribiana.

"Mwanangu. Yule kijana aliwaonya au hakuwaonya?"

Mama alimtazama binti yake kama alivyomtazama dukani. Kwenye skrini mji ulikuwa unangoja, na Meya alijua vizuri kwamba jibu moja linaubakiza pale na jibu la pili linauondoa. Mtu anaweza kupenda kudhani kwamba dhamiri ilimsuta. Ilimsuta, ndiyo, siku nyingi tu, na hakusema neno. Kilichomfungua mdomo siku hiyo ni kwamba aliuona uso wa mama yake ukiwa na raha, na hakutaka ubaki nayo.

"Alituonya," akasema. "Mara mbili. Mama ndiye aliyenifundisha niseme hakutuonya. Njiani, alipokuwa anapumzisha mikono."

Wifi akaanza kutabasamu, na kaka yake, ambaye maisha yake yote hakuwahi kushindana naye, akamgeukia. "Na wewe, dada, umekuja kwa ajili ya huyo kijana, au kwa ajili ya hii?" Wifi akamwinua mwanawe, wakatoka, na hakuna aliyewasindikiza.

Fundi rangi akainama chini ya meza, akazima swichi. Mji ukapotea. Akasema watairudisha mashine wote watatu kwa yule bosi, sasa hivi, wakati duka lina watu, na mama atasema mbele ya watu kama alivyosema mara ya kwanza. Hakujua kama kijana atarudishiwa kazi. Huenda nafasi imeshachukuliwa. Hata hivyo watakwenda. Akaingia ndani kutafuta shati.

Fundi alibaki kwenye kiti cha cherehani, mikono mapajani. Ilikuwa mara ya kwanza binti yake kumwona amekaa pale bila kushona. Hakuwa analia. Alikuwa anamtazama Meya akikusanya nyaya, akizikunja moja moja kwa uangalifu, kama alivyomwona Feni akifanya dukani.

"Umeridhika?" mama akamuuliza, kwa sauti ya chini.

Meya akachukua kibodi, akaipachika kwapani.

"Bado," akasema, akatangulia kutoka.